UZI: Wachoraji wa Ulaya na wivu wao wa karne nyingi juu ya muziki

FundiBango (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Mchana mimi ni mchora mabango, ingawa siku hizi mashine za kuchapa zimetuachia vibao vya saluni na vibanda vya chipsi tu. Jioni napiga kinanda kwenye kwaya. Kwa hiyo ubishi wa kipi kikubwa, picha au muziki, ninaishi nao nyumba moja. Kila nikisoma historia ya sanaa ya Ulaya nakuta wenzetu waliupigania ubishi huo karne na karne, tena kwa vijembe utadhani waimbaji wa taarabu wa vikundi viwili.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kubisha ajipange: wachoraji wa Ulaya waliuonea muziki wivu, na wivu huo ndio uliokuja kuzaa zile picha ambazo ukizitazama unauliza, "sasa hapa kuna nini?"

Chanzo ni heshima. Kwenye shule za zama za kati Ulaya kulikuwa na elimu saba za watu waungwana. Muziki ulikaa benchi moja na hesabu, jiometri na elimu ya nyota. Hapo nazungumzia muziki wa kwenye vitabu. Mpiga zumari wa harusini hakuna aliyemjali. Sababu ilikuwa Pythagoras na kamba yake. Chukua gitaa, bana kamba katikati kabisa, nusu inayobaki itakupa sauti ileile ila ya juu: do na do. Bana ili ibaki theluthi mbili, unapata so. Ibaki robo tatu, unapata fa. Mbili kwa moja, tatu kwa mbili, nne kwa tatu. Wazee wakaona muziki ni namba zinazosikika, na kwao namba ilikuwa siri ya ulimwengu.

Uchoraji kwenye zile saba haukuwemo. Ulikuwa kazi ya mikono kama ushonaji viatu. Pale Florence mchoraji alijiandikisha kwenye chama kimoja na matabibu na wauza dawa, maana rangi zenyewe alizinunua kwa wauza dawa. Fikiria unaambiwa wewe na Rafaeli na muuza dawa ya tumbo mko kundi moja.

Leon Battista Alberti, msanifu majengo wa karne ya 15, akapita mlango wa nyuma. Akaandika kwamba namba zinazofurahisha sikio ndizo zinazofurahisha jicho, kwa hiyo vipimo vya chumba na ukuta vichukuliwe kwenye uwiano wa sauti. Mjanja yule. Ukishakubali hilo, mtu wa vipimo naye amekuwa msomi.

Leonardo da Vinci hakutaka hata huo mlango wa nyuma. Kwenye maandiko yake anasema muziki ni mdogo wake uchoraji. Ni ndugu, sawa, ila mdogo. Hoja yake ni kwamba sauti ikizaliwa inakufa palepale, picha inabaki. Na hayakuwa maneno ya mtu asiyejua kupiga. Vasari, aliyeandika maisha ya wasanii wa Italia, anasimulia kwamba Leonardo alipopelekwa Milan kwa mtawala, alipelekwa kama mpiga ala. Alibeba ala ya nyuzi aliyoitengeneza mwenyewe, sehemu kubwa kwa fedha, ina umbo la fuvu la farasi, na akawafunika wanamuziki wote waliokuwepo.

Hiyo hoja ya "picha inabaki" muiweke pembeni, nitairudia.

Kibaokata

Naweka kiti mbele kabisa. Ila mkuu, hao wachoraji si walichora wanamuziki kila uchao? Malaika na vinubi, kina dada na vinanda. Huo ni wivu au mapenzi?

FundiBango

Kibaokata, umewahi kumuona mtu mwenye wivu asiyempenda anayemuonea wivu?

Tena waliwachora kwa kujua. Caravaggio ana picha ya kijana anayepiga ala ya nyuzi, aliichora kama mwaka 1596, ipo makumbusho ya Hermitage, St. Petersburg. Mbele ya kijana kuna kitabu cha noti kimefunguliwa. Noti zile zinasomeka! Wataalamu wamezisoma wakakuta ni wimbo wa mapenzi wa mtunzi Arcadelt, unaoanza kwa maneno ya "mwajua kwamba nawapenda". Unaweza kusimama mbele ya picha ukaimba kilichochorwa. Na ala yenyewe kwao inaitwa kwa jina lililotoka kwenye Kiarabu "al-ud". Ndiyo, udi huohuo unaopigwa kwenye taarabu ya Unguja. Mmoja ulipanda kaskazini kupitia Uhispania, mwingine ukashuka na pepo za kaskazi.

Holbein, kwenye picha yake ya mabalozi wawili ya mwaka 1533, kachora ala hiyohiyo ikiwa na uzi mmoja umekatika. Umekatika kabisa, ncha inaning'inia hewani. Mwaka ule Ulaya ya Kikristo ilikuwa inapasuka, na pembeni ya ala kuna kitabu cha nyimbo za Kilutheri kimefunguliwa. Hakuhitaji kuandika makala. Uzi mmoja tu.

Mchele_Mpunga

Shusha nondo mkuu. Ila tuelezee watu wa kawaida, hawa wanaishi wapi, wanakula nini? Mnatuletea majina tu.

FundiBango

Haya, twende karakana basi. Kwangu mimi fundi, hapa ndipo penye utamu kuliko falsafa zote.

Mji wa Antwerp, karne ya 16. Kulikuwa na mtengeneza vinanda anaitwa Hans Ruckers, vinanda vya nyuzi vya kabla ya piano, vile ambavyo ukibonyeza kibao, ncha ndogo ya unyoya inaudonoa uzi. Mwaka 1579 Ruckers aliandikishwa kwenye chama cha mafundi cha Mtakatifu Luka. Chama hicho ni cha nani? Cha wachoraji! Luka ndiye mtakatifu wao, inasimuliwa alimchora Bikira Maria.

Kwa nini fundi kinanda akae na wachoraji? Kwa sababu kinanda kilikuwa kinachorwa. Ukifunua mfuniko, upande wa ndani unakutana na mandhari, au miungu ya Kigiriki, au msemo wa Kilatini kwa herufi kubwa. Ubao wa sauti chini ya nyuzi umejaa maua, ndege, nondo na panzi, vimechorwa kimoja kimoja. Sehemu nyingine inabandikwa karatasi zilizochapwa nakshi. Kwa hiyo mteja akinunua kinanda amenunua na picha. Umeona? Wakati wasomi wanagombana kipi kikubwa, mafundi walikuwa wanakula sahani moja.

Sasa nendeni kwa Vermeer, Mholanzi wa mji wa Delft, aliyekufa 1675. Picha zake zilizobaki hazifiki hata arobaini, na kama theluthi yake zina ala za muziki. Kuna moja ipo kwenye mkusanyiko wa mfalme wa Uingereza. Dada kasimama mbele ya kinanda, katupa mgongo. Bwana mmoja kasimama pembeni anamsikiliza. Mfuniko umefunguliwa na juu yake kuna Kilatini: muziki ni mwenza wa furaha na dawa ya huzuni. Chini sakafuni kuna ala nyingine kubwa ya nyuzi imelazwa, haina mpigaji.

Tazama kioo kilichoning'inia juu ya kinanda. Ukimtazama dada kwa nyuma, kichwa kimenyooka, anatazama vibao vyake. Ukimtazama kwenye kioo, uso umegeukia kwa yule bwana! Mgongo unasema somo, kioo kinasema jambo jingine. Na ndani ya kioo hichohicho, sehemu ya juu, ukivuta picha karibu, kunaonekana miguu ya kile kiunzi ambacho mchoraji huwekea turubai. Vermeer kajiweka chumbani. Mwanamuziki anapiga, mpenzi anasikiliza, na mchoraji yupo pembeni kama mtu asiyealikwa. Niambie huo si wivu.

(Mfalme George wa Tatu aliponunua picha hiyo mwaka 1762 aliambiwa ni ya mchoraji mwingine. Wauzaji ni walewale.)

Zumari Kavu

Kuwa makini. Unachokiita wivu mimi nakiita kutafuta nadharia. Muziki ulikuwa na kanuni zake zilizoandikwa, uchoraji haukuwa nazo. Wachoraji waliazima kanuni. Poussin vipi?

FundiBango

Zumari Kavu nilijua utakuja. Karibu, na ahsante kwa kumleta Poussin maana kisa chake ni cha wivu mtupu, ila safari hii wivu wa mteja.

Nicolas Poussin ni Mfaransa aliyeishi Roma. Alikuwa na mteja Paris anaitwa Chantelou. Mwaka 1647 Chantelou akaona picha ambayo Poussin alimchorea mteja mwingine, Musa akiokotwa mtoni, akaona imependeza kuliko ya kwake, iliyokuwa ya sakramenti. Akaandika barua ya kununa: wewe unampenda yule kuliko mimi. Wote tuliowahi kuchora kwa oda tunaijua barua hiyo, siku hizi inakuja kwa WhatsApp.

Poussin akamjibu tarehe 24 Novemba. Akamwambia, kwa maneno yangu, kwamba tofauti haipo kwenye mapenzi, ipo kwenye jambo lililochorwa. Wagiriki wa kale walikuwa na mitindo ya muziki, kila mmoja na hali yake: wa Kidoria ni mzito wenye staha, wa Kifrigia ni mkali wa kuchemsha damu, wa Kilidia ni wa majonzi. Kila picha nayo ina mtindo wake, huwezi kudai sakramenti ichangamke kama mtoto anayeokotwa mtoni. Jibu safi la fundi kwa mteja msumbufu.

Barua hiyo wasomi wa Ufaransa waliifanya karibu msahafu. Halafu ikaja kugundulika kwamba yale maelezo ya mitindo Poussin aliyanakili kwenye kitabu cha Zarlino, mwananadharia wa muziki wa Venice, cha mwaka 1558. Kanakili karibu neno kwa neno! Kwa hiyo ndiyo, Zumari Kavu, waliazima kanuni. Huyu aliazima bila kuaga.

Dada wa Sauti ya Pili

Mimi naimba kwaya na nina swali la kweli. Nikisikia noti fulani naona rangi. Fa kwangu ni ya kijani, sijui kwa nini. Hao Wazungu walilisema hili?

FundiBango

Dada, hauko peke yako. Ni hali inayojulikana kisayansi, wapo watu ambao hisi zao mbili zimeshikana.

Ulaya walilitafuta jambo hili kwa nguvu. Newton kwenye kitabu chake cha mwanga cha mwaka 1704 aligawa upinde wa mvua rangi saba. Mwanzo alihesabu tano, akaongeza rangi ya chungwa na ya nili ili zilingane na ngazi ya muziki. Kwa hiyo ukimfundisha mtoto rangi saba za upinde, umemfundisha do re mi bila kujua.

Kisha akaja padri wa Kijesuiti, Louis Bertrand Castel, mwaka 1725 akapendekeza kinanda cha macho: unabonyeza kibao, inatokea rangi badala ya sauti. Alihangaika nacho miaka mingi, watu wakimcheka. Ila hapa ndipo mambo yanapoharibika. Castel alisema do ni ya buluu. Mtunzi Rimsky-Korsakov wa Urusi, zaidi ya karne na nusu baadaye, anaona do ni nyeupe. Scriabin, Mrusi mwenzake, anasema do ni nyekundu. Mkikutana na wewe na fa yako ya kijani mtapigana. Mimi nadhani wote mnasema kweli, kila mtu na kichwa chake, na ndiyo maana kanuni ya pamoja haikupatikana.

NjooKesho

Fupisha bhana. Fika kwenye picha zisizoeleweka.

FundiBango

Nafika. Karne ya 19 ndiyo upepo uligeuka. Ule unyonge wa muziki alioutaja Leonardo ukawa sifa. Watu wakaanza kusema: wimbo wa ala tupu hauigi kitu chochote duniani, hauna mti wala ng'ombe ndani, na bado unakuliza. Mchoraji naye akajiuliza, mimi nimefungwa kamba na nani nichore ng'ombe?

Mchoraji Mfaransa Delacroix alikuwa rafiki wa Chopin, mtunzi na mpiga piano. Mwaka 1838 alianza kumchora Chopin na mpenzi wake, mwandishi wa kike aliyejiita George Sand, pamoja. Hakuimaliza, na baada ya kifo chake picha ikakatwa vipande viwili vikauzwa mbalimbali: Chopin yupo Louvre, Sand yupo Denmark. Wachumba waliachana hadi kwenye turubai. Kwenye shajara yake, Aprili 1849, Delacroix anaandika jinsi alivyomuuliza Chopin, ambaye alikuwa mgonjwa tayari, mantiki kwenye muziki inatoka wapi, na Chopin akamweleza habari za sauti zinazofukuzana. Oktoba mwaka huohuo Delacroix alikuwa kati ya walioshika kamba za jeneza lake.

Sasa Whistler. Huyu ni Mmarekani aliyeishi London, mdomo mrefu, mcheshi, mgomvi. Alianza kuziita picha zake kwa majina ya muziki: simfoni ya nyeupe, mpangilio wa rangi, na "nokturni", yaani muziki wa usiku, jina alilopewa na tajiri wake Leyland aliyekuwa akipenda piano. Mwaka 1871 Whistler alimchora mama yake mzazi, akaita picha Mpangilio wa Kijivu na Nyeusi Namba Moja. Mama mzazi! Angekuwa mama yangu, ningeona cha moto.

Mwaka 1877 akaonyesha nokturni ya nyeusi na dhahabu: fataki usiku kando ya mto Thames, cheche za njano zinadondoka gizani, watu wanaonekana kama moshi. Mhakiki mkubwa wa Uingereza, John Ruskin, akaandika kwamba jamaa anadai gini mia mbili (fedha ya Uingereza ya enzi hizo) kwa kuwamwagia watu kopo la rangi usoni. Whistler akaenda mahakamani. Novemba 1878 wakili wa Ruskin akambana: kazi ya siku mbili, unaidai fedha zote hizo? Whistler akajibu kwamba anaidai kwa ujuzi wa maisha yake yote.

Hilo jibu nilishawahi kumpa mteja aliyesema herufi kumi za bango haziwezi kuwa bei ile. Hakucheka.

Whistler alishinda. Fidia aliyopewa: robo ya senti ya Kiingereza. Gharama za kesi zikamfilisi mwaka uliofuata. Ila hoja ilikuwa imeshaingia mjini: picha inaweza kuwa ya rangi na hali tu, kama wimbo usio na maneno.

Zumari Kavu

Na wanamuziki je? Unawafanya kama wao hawakuchukua chochote.

FundiBango

Walichukua, tena vizuri. Mtunzi wa Urusi, Mussorgsky, alikuwa na rafiki, Viktor Hartmann, msanifu na mchoraji, aliyekufa ghafla mwaka 1873 akiwa na miaka 39. Mwaka uliofuata marafiki wakaandaa maonyesho ya kazi zake St. Petersburg, vipande karibu 400. Mussorgsky akaenda, akatembea humo, akarudi nyumbani, na mwezi Juni akaandika muziki wa piano kwa takriban wiki tatu. Kila kipande ni picha moja: vifaranga wanaocheza ndani ya maganda, gari la ng'ombe, makaburi ya chini ya ardhi, lango kuu la Kiev. Katikati ya vipande ameweka muziki wa kutembea, yaani yeye mwenyewe akihama kutoka picha hadi picha. Mapigo yake hayatulii, mara matano, mara sita, kama mtu mnene mwenye majonzi anayesita kila akipita jambo linalomkumbusha marehemu. Nimejaribu kuipiga. Mguu wangu wa kushoto ulikataa.

Lango lile la Kiev halikujengwa kamwe. Na kazi nyingi za Hartmann zilizokuwa kwenye maonyesho hayo zimepotea, hatujui zilivyofanana. Zimebaki chache tu zinazolingana na vipande vya muziki. Sasa rudisheni ile hoja ya Leonardo niliyowaambia muiweke pembeni. Sauti inakufa, picha inabaki? Muziki wa Mussorgsky unapigwa hadi leo, na Ravel aliutengenezea okestra mwaka 1922. Picha ndizo zilizokufa.

Kibaokata

Hapo umenigusa. Tiririka.

FundiBango

Basi NjooKesho, amka, tumefika.

Munich, tarehe 2 Januari 1911. Mrusi anayeitwa Wassily Kandinsky, mwanasheria aliyeacha kazi akajifunza kuchora akiwa mtu mzima, mpiga selo (fidla kubwa) wa nyumbani, anakwenda na wenzake kwenye konseti ya Arnold Schoenberg. Muziki ule ulikuwa umeiacha ile nyumba ya do. Nyimbo zetu zote za kwaya zinatoka do, zinatembea, zinarudi do. Za Schoenberg za wakati ule hazirudi. Wasikilizaji wengi walikereka. Kandinsky yeye aliona mlango uko wazi.

Siku chache baadaye akachora. Picha ipo Lenbachhaus mjini humohumo. Mimi niliitazama dakika nyingi kabla sijaona kitu. Njano, njano kubwa imeifunika karibu nusu ya turubai, inakuja kwako kama mwanga wa mlango uliofunguliwa alfajiri. Juu yake kuna doa jeusi lenye pembe. Hilo doa ni mfuniko wa piano! Ukishalijua, ile mistari iliyojikunja kushoto inageuka migongo ya watu walioketi wameinamia mbele. Halafu ukipepesa macho, vinapotea tena, inabaki njano. Yuko nusu njia: piano bado ipo, lakini iko njiani kuondoka.

Mwezi huohuo alimwandikia Schoenberg barua, wala hawakuwa wanajuana. Schoenberg naye kumbe alikuwa anachora, na Desemba picha zake zilitundikwa kwenye maonyesho ya kundi la Kandinsky. Katika kitabu chake Kandinsky anasema rangi ni vibao vya kinanda, jicho ni nyundo, roho ni piano yenye nyuzi nyingi. Njano ni tarumbeta, buluu nyepesi ni filimbi, buluu nzito ni selo. Picha zake akaziita "utungo" na "utungo wa papo kwa papo", kama mwanamuziki anavyoziita kazi zake. Karne nne za wivu, na mwisho wake uchoraji, yule mkubwa wa Leonardo, kavaa nguo za mdogo wake akatoka nje.

Sitaki Kandinsky ale sifa zote. Kule Lithuania alikuwepo Čiurlionis, mtunzi wa muziki hasa, aliyesoma Warsaw na Leipzig, kisha akageukia rangi. Kati ya 1907 na 1909 alichora sonata, yaani muziki wa ala wa sehemu kadhaa: picha moja ni allegro (sehemu ya kasi), ya pili andante (ya taratibu), ya tatu finale (ya kumalizia). Kwenye finale ya sonata ya bahari kuna wimbi kubwa linaviangukia viboti vidogo, na povu lake limejipanga kuwa herufi za jina lake. Alikufa 1911, miaka 35.

Na Paul Klee, huyu ndiye kipenzi changu. Baba mwalimu wa muziki, mama mwimbaji, mke mpiga piano, na yeye mwenyewe alikaa na fidla kwenye okestra ya Bern akiwa mtoto wa shule. Kwa muziki alikuwa mtu wa kale, Bach na Mozart. Ukali wote aliuacha kwenye picha. Kisha mtu huyu anawafundisha wanafunzi wa shule ya sanaa ya Bauhaus, Ujerumani, kupanga rangi kama sauti zinazopishana, akachora noti za Bach kuwa mistari kwenye karatasi. Kandinsky alizungumzia muziki kama muumini. Klee alizungumza kama mtu anayejua kidole kinawekwa wapi. Tofauti inaonekana.

Mchele_Mpunga

Mkuu heshima. Ila swali la uchokozi: wewe hizi picha umeziona wapi? Munich umefika? Au kwa simu tu?

FundiBango

Kwa simu, tena yenye ufa kwenye kioo. Sina haya.

Mwaka 1907 mtunzi Rachmaninoff wa Urusi alikuwa Paris, akaona nakala ya picha ya mchoraji Böcklin: kisiwa cha miamba na miti mirefu myeusi, mashua inakikaribia ikiwa na mtu mmoja kasimama amevaa nguo nyeupe. Ilikuwa nakala ya nyeusi na nyeupe. Ikamkaa rohoni, na mwaka 1909 akaitungia kazi ya okestra ambayo mwanzo wake unapiga mapigo matano matano, kasia linavutwa, maji yanagoma. Baadaye akaiona yenye rangi zake, na hakupagawa. Alisema kama angeanza na hiyo ya rangi, pengine asingeutunga muziki ule.

Kwa hiyo simu yangu yenye ufa usiidharau.

Dada wa Sauti ya Pili

Nimeuweka ule wa kisiwa sasa hivi, watoto wamelala. Rangi yake kwangu ni ya zambarau iliyoiva sana. Na kile cha Vermeer, kuna kingine cha watu watatu wanaimba, niliwahi kukisikia kimeibwa. Kilipatikana?

FundiBango

Bado, dada. Iliibwa Boston usiku wa Machi 18, 1990, kwenye makumbusho ya Isabella Stewart Gardner, pamoja na kazi nyingine 12. Mmoja kinandani, mwingine na udi wake katupa mgongo, wa tatu anaimba kaunyanyua mkono. Fremu yake wameiacha palepale mpaka leo, tupu.

Mazoezi yanaanza saa kumi na mbili na mwalimu wa kwaya hapendi kuchelewa. Aliyeuliza habari za Scriabin na taa zake kwenye PM nitamjibu hapahapa kesho ili wote wasome. Na dada, andika pia re na mi zina rangi gani.